Umeme wa Ruzizi, Makala ya Goma: Nusu Karne ya Mipango ya Pamoja ya Nishati katika Maziwa Makuu

Utangulizi

Mto Ruzizi hutoka Ziwa Kivu penye mji wa Bukavu na kuingia Ziwa Tanganyika karibu na Bujumbura. Urefu wake haufiki kilomita 120, lakini katika masafa hayo mafupi maji yake huteremka takriban mita 700. Kwa sehemu kubwa mto huo ndio mpaka: kwanza kati ya Kongo na Rwanda, kisha kati ya Kongo na Burundi. Kwa hiyo mto wenye nguvu kubwa ya kufua umeme hauna mwenyewe mmoja, na yeyote atakaye kuutumia hana budi kuzungumza na jirani.

Tangu Mkataba wa Paris wa 2015 uweke shabaha kwamba, katika nusu ya pili ya karne hii, gesijoto zinazotolewa zisizidi zile zinazoondolewa hewani, hali ambayo hapa tutaiita sifuri halisi, ushirikiano wa kikanda katika nishati umekuwa ukizungumzwa kana kwamba ni jambo jipya. Nchi za bonde la Ruzizi zina uzoefu wake wa zaidi ya nusu karne. Makala haya yanaupitia uzoefu huo kwa lengo la kuonyesha kuwa majirani hawa walijifunza mapema kugawana megawati, na hata wakazigawana wakati wa vita, ila katika vikao vyao vyote jiko la mwananchi halikuwahi kuwa ajenda. Pengo hilo ndilo linaloiweka shabaha ya sifuri halisi mashakani katika eneo hili.

Kutoka bwawa la kikoloni hadi kampuni ya nchi tatu

Kituo cha kwanza, Ruzizi I, kilijengwa na Wabelgiji mwishoni mwa miaka ya 1950, kikiwa na uwezo wa megawati zipatazo 29. Kwa mkoloni aliyetawala Kongo na Ruanda-Urundi kwa pamoja, kupeleka umeme kutoka Bukavu hadi Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, lilikuwa jambo la utawala wa ndani. Hapakuhitajika mkataba. Uhuru wa Kongo mwaka 1960, na ule wa Rwanda na Burundi mwaka 1962, ulizigeuza nyaya zilezile kuwa za kimataifa. Bwawa likabaki nchi moja, na sehemu kubwa ya wateja wake nchi nyingine. Burundi ilikaa katika utegemezi huo hadi kituo chake cha Rwegura kilipoanza kazi katika miaka ya 1980.

Mwaka 1974 serikali tatu ziliunda chombo cha pamoja cha nishati, EGL. Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, iliundwa huko Gisenyi miaka miwili baadaye, Septemba 1976. Ingawa wanahistoria wa utengamano wa kanda hii huanza na CEPGL, mpangilio wa tarehe hizi unatuambia kwamba umeme uliitangulia siasa. Matunda makubwa ya vyombo hivyo yalikuwa SINELAC, kampuni ya umeme ya nchi tatu iliyoundwa mwaka 1983 na kuwekwa Bukavu, na kituo chake, Ruzizi II, kilichoanza kufua umeme mwaka 1989 na kufikia uwezo wa zaidi kidogo ya megawati 40. Hisa ziligawanywa sawasawa, theluthi kwa kila nchi. Zaire, nchi kubwa kuliko zote za kusini mwa Sahara baada ya Sudan ya wakati ule, ilikubali fungu lilelile lililopewa Burundi.

Usawa huo ulikuja kupimwa vikali. Mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, vita vya Burundi, kisha vita vya Kongo vya 1996 na 1998 viliifanya CEPGL isinzie hadi ilipofufuliwa mwaka 2007. Marais hawakukutana, na majeshi yalivuka mipaka. Ruzizi II iliendelea kufua umeme. Haitoshi kulieleza jambo hili kwa moyo wa udugu. Mitambo miwili imepangana juu ya mto mmoja: maji yanayofunguliwa katika bwawa la juu ndiyo yanayoendesha mtambo wa chini, na umeme wa kituo kimoja huwasha taa pande zote za mpaka. Kwa maoni yetu, haikuwa rahisi kumkata jirani bila mkataji naye kubaki gizani.

Hata hivyo, kudumu si kustawi. Mashirika ya umeme ya nchi tatu yalilimbikiza madeni kwa SINELAC, na kampuni isiyolipwa haiwezi kuitunza mitambo ipasavyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kina cha Ziwa Kivu nacho kilishuka, maji yakawa ya kupimwa, na Rwanda ikaingia katika uhaba mkubwa wa umeme. Mradi wa Ruzizi III, uliokusudiwa kwanza kutoa megawati 147 na sasa 206, ulitiwa saini ya makubaliano ya msingi mwaka 2019. Hadi kufikia mwaka 2025 bado haujafua hata wati moja.

Ifahamike pia kwamba umeme huu wote ni wa maji. Ukipimwa kwa gesijoto peke yake, uko karibu sana na sifuri tangu enzi za Wabelgiji. Kwa hiyo anayepanga sifuri halisi ya bonde hili kwa kutazama gridi tu atakuta kazi imekwisha kabla hajaianza.

Yasiyopita katika nyaya

Katika Kiswahili cha Goma na Bukavu mkaa huitwa makala. Neno hilo, ambalo kwa msomaji wa Dar es Salaam ni andiko kama hili alilonalo mkononi, huko ndilo jina la nishati inayopika chakula cha mji mzima. Makala ya Goma kwa sehemu kubwa yamekuwa yakitoka katika misitu ya Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925. Julai 1994 wakimbizi wanaokaribia milioni moja walipiga kambi kuzunguka mji huo na kukata kuni katika hifadhi hiyohiyo. Tangu hapo makundi yenye silaha yamejipatia fedha kwa kukitoza ushuru kila gunia. Huo ni mfumo wa nishati wa kikanda wenye wazalishaji, wasafirishaji na kodi yake, ila haukuandikwa katika mkataba wowote wa nchi tatu.

Jaribio lililokaribia kulishughulikia suala hili halikutoka kwa serikali hizo. Mwaka 2015 hifadhi ya Virunga ilizindua kituo cha Matebe, wilayani Rutshuru, chenye uwezo wa megawati zipatazo 13, kikiuza umeme vijijini na baadaye Goma. Wazo lake lilikuwa kwamba msitu hautapona mpaka walio kando yake wapate njia nyingine ya kuishi na kupika. Hiyo ndiyo mipango ya nishati ya mahali hasa. Lakini ilikuwa ya upande mmoja wa mpaka.

Gesi ya Ziwa Kivu inaonyesha ugumu huohuo kwa sura nyingine. Kilindini mwa ziwa kumelala methani ya mita za ujazo takriban bilioni 60, pamoja na hewa ukaa nyingi zaidi. Kiwanda cha bia cha Gisenyi kiliitumia methani hiyo tangu miaka ya 1960, na mwaka 2016 Rwanda ilizindua mtambo wa megawati 26 kando ya ziwa. Kuichoma hutoa hewa ukaa, na kuiacha ijikusanye kuna hatari yake, kama ilivyoonekana katika Ziwa Nyos la Kameruni mwaka 1986, ambako hewa ukaa iliyofumuka iliua watu wapatao 1,700. Ziwa ni la nchi mbili, lakini gesijoto huhesabiwa kwa taifa mojamoja. Nani aandikiwe moshi wa gesi ya pamoja?

Funzo la Rusumo

Ushahidi kwamba mipango ya pamoja inaweza kumsikiliza mwenyeji unapatikana mashariki zaidi, katika maporomoko ya Rusumo kwenye mto Kagera. Agosti 1977 Burundi, Rwanda na Tanzania zilitia saini hapohapo Rusumo mkataba wa shirika la bonde la Kagera. Uganda ilijiunga mwaka 1981, na shirika likavunjwa mwaka 2004 bila kujenga bwawa. Mradi ulipofufuliwa, mchoro wa kwanza ulitaka hifadhi kubwa ya maji ambayo ingefunika mashamba na mabonde oevu ya nchi zote tatu. Mchoro huo ukaachwa. Ukachaguliwa mtambo unaotumia mtiririko wa mto ulivyo, wenye megawati 80. Zilipotea megawati chache na yakabaki mashamba mengi. Umeme wa kwanza ulipatikana mwaka 2023, miaka 46 baada ya mkataba, nao hugawanywa sawa kwa sawa.

Mwishoni mwa Januari 2025 viongozi wa Afrika walikutana Dar es Salaam kujadili jinsi ya kuwafikishia umeme watu milioni 300 ifikapo 2030. Nchi 12 ziliwasilisha mipango yake, kila moja wa kwake. Kati ya nchi tatu za Ruzizi, Kongo pekee ilikuwa miongoni mwao. Siku hizohizo wapiganaji wa M23 waliingia Goma, na Februari wakaingia Bukavu, makao ya SINELAC. Mpango wa Kinshasa ulikuwa umepata mji ambao serikali yake haikuutawala tena, ilhali nyaya za mji huo ziliendelea kuungana na za Rwanda na Burundi kama zilivyounganishwa tangu zamani.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza kipimo cha mipango kiwe bonde, na wapangaji wawe miji na wilaya zinazotazamana: Bukavu na Rusizi, Goma na Rubavu, Uvira na Cibitoke. Hesabu yao isianzie kwenye transfoma. Ianzie sokoni alfajiri, pale magunia ya makala yanapoteremshwa, ikiuliza kila gunia limetoka msitu upi, limelipiwa ushuru kwa nani, na ni bei gani ya umeme ingemfanya mnunuzi aliache.