Tarakilishi kuukuu Eastlands: Namna ya kutunza matoleo ya zamani ya Linux

UKIPITA katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Umoja na Kayole hadi Dandora na Buruburu, hutakosa kuona chumba kidogo chenye tarakilishi kadhaa, printa na mashine ya kutoa nakala. Humo ndimo mwanafunzi anamoomba nafasi ya chuo kupitia KUCCPS au mkopo wa HELB, mfanyabiashara anamowasilisha ritani za ushuru katika iTax, na kijana anayetafuta kazi anamoomba cheti cha tabia njema kupitia eCitizen.

Aghalabu tarakilishi hizo ni za mitumba. Zilitumiwa kwanza katika ofisi za ng'ambo au za katikati ya jiji, kisha zikauzwa kwa bei nafuu. Baadhi ya wenye saiba huziwekea Linux kwa sababu haihitaji leseni ya kununuliwa na huweza kuendesha mashine yenye kumbukumbu ndogo.

Hata hivyo, mfumo uliosakinishwa na fundi miaka mingi iliyopita na kuachwa hivyo huzua swali zito. Je, mteja anayeandika nenosiri lake hapo yuko salama? Makala haya yanaeleza jinsi ya kutambua, kutunza na kuondoa matoleo ya zamani ya programu katika Linux, hasa Ubuntu na Debian.

Kuukuu si sawa na kutelekezwa

Jambo la kwanza kufahamu ni kuwa umri wa programu peke yake hauonyeshi hatari yake. Swali la maana ni kama bado kuna watu wanaoitunza na kuiziba inapopatikana na kasoro.

Mfano mzuri ni kasoro iliyopewa jina Heartbleed, iliyotangazwa Aprili 7, 2014. Kasoro hiyo ilikuwa katika OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi. Debian 7 ilikuwa na toleo 1.0.1e, ambalo liliathirika. Wasimamizi wa Debian hawakuwalazimu watumiaji kuhamia toleo jipya kabisa. Walichukua kiraka na kukitia katika toleo lile lile. Nambari ya mwanzo haikubadilika, bali mkia wake. Nayo Debian 6, iliyokuwa na toleo la zamani zaidi la 0.9.8, haikuathirika kamwe.

Kinyume chake kilionekana Machi 29, 2024, mhandisi Andres Freund alipofichua kuwa matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya programu ya xz yalikuwa yametiwa mlango wa siri. Waliokuwa hatarini ni wale waliokimbilia matoleo mapya kabisa. Debian ya kawaida, iliyokuwa na toleo la nyuma, ilinusurika.

Kwa hivyo, mwenye saiba asiogope nambari ndogo wala asivutwe na nambari kubwa. Aulize: nani anaitunza, na hadi lini?

Jua ulicho nacho

Kabla ya kubadilisha chochote, fungua dirisha la amri na uandike 'cat /etc/os-release'. Jibu litakuonyesha jina na toleo la mfumo.

Matoleo ya Ubuntu hutambuliwa kwa mwaka na mwezi yaliyotoka. Hivyo basi, 20.04 ni ya Aprili 2020. Yale yenye utunzaji wa muda mrefu hutoka kila baada ya miaka 2 na hutunzwa bila malipo kwa miaka 5. Muda huo kwa Ubuntu 20.04 ulikwisha 2025. Ubuntu 22.04 utunzaji wake wa kawaida unafika 2027, na 24.04 unafika 2029.

Mtu binafsi anaweza pia kujisajili bila malipo katika huduma ya Ubuntu Pro kwa mashine zisizozidi 5, na kuongezewa muda hadi miaka 10 tangu toleo lilipotoka. Kwa mwenye saiba ndogo, nafasi hii si ya kupuuzwa.

Ili kujua habari za kifurushi kimoja, tumia amri 'apt-cache policy' ikifuatiwa na jina la kifurushi. Utaonyeshwa toleo lililosakinishwa, toleo linaloweza kuchukuliwa, na ghala linakotoka. Ikiwa kifurushi hakina ghala lolote isipokuwa tarakilishi yako mwenyewe, basi hakuna viraka vitakavyokifikia. Hicho ndicho cha kuchunguzwa kwanza.

Ghala linapohamishwa

Linux huchukua programu kutoka kwa maghala yaliyoko katika intaneti. Amri 'sudo apt update' husoma orodha ya ghala, na 'sudo apt upgrade' huleta viraka.

Wakati mwingine amri ya kwanza hurudisha ujumbe wenye nambari 404. Wengi hudhani kuwa bando limekwisha au mtandao ni mbovu. Ukweli ni kwamba nambari hiyo ina maana kuwa seva imefikiwa lakini faili halipo mahali pale. Katika mfumo wa zamani, sababu ya kawaida ni kwamba toleo limefikia mwisho wake na vifurushi vyake vimehamishwa.

Vifurushi vya Ubuntu vilivyostaafishwa huhifadhiwa old-releases.ubuntu.com, na vya Debian archive.debian.org. Fundi anaweza kuelekeza mfumo huko kwa kuhariri orodha ya maghala iliyo ndani ya /etc/apt. Lakini hazina hizo ni kama makavazi: vilivyomo vimehifadhiwa, havirekebishwi. Zitumie kama daraja la kuvukia kwenda toleo jipya, wala si makao ya kudumu.

Kupanda ngazi hatua kwa hatua

Ubuntu hairuhusu kuruka kutoka toleo moja la muda mrefu hadi lingine bila kupitia lile la katikati. Aliye na 18.04 hupitia 20.04, kisha 22.04, ndipo afike 24.04. Amri yake ni 'sudo do-release-upgrade'. Debian nayo hupandishwa toleo moja baada ya jingine.

Kabla ya kuanza, nakili faili zote muhimu katika diski ya nje. Hakikisha pia kuwa kuna umeme wa kutosha, kwani kukatika kwa stima katikati ya kazi hii kunaweza kuuacha mfumo usioweza kuwaka. Iwapo mashine iko nyuma kwa matoleo matatu au zaidi, mara nyingi ni rahisi na nafuu kusakinisha upya kuliko kupanda ngazi yote.

Mashine za biti 32

Mashine nyingi kuukuu huwa na mfumo wa biti 32, na mlango huo unazidi kufungwa. Google iliacha kutoa Chrome ya Linux ya biti 32 Machi 2016. Ubuntu iliacha kutoa mfumo kamili wa aina hiyo kuanzia toleo la 19.10. Debian 13, iliyotoka Agosti 9, 2025, haina tena kisakinishi wala kerneli, yaani kiini cha mfumo, kwa mashine hizo.

Lakini usitupe mashine kabla ya kuichunguza. Andika 'lscpu' na utazame mstari wa pili au wa tatu kutoka juu. Ukiona 32 na 64 zote zimetajwa, kichakato chako kinaweza kubeba mfumo wa biti 64, ila fundi aliyetangulia aliweka wa biti 32. Vichakato vya Core 2 Duo, vilivyoanza kuuzwa 2006, ni vya aina hii.

Kushikilia toleo moja

Kuna nyakati ambapo toleo la zamani lina sababu ya kubaki. Huenda printa ya saiba inafanya kazi na toleo moja tu la programu yake, na kila sasisho huivuruga.

Katika hali hiyo, andika 'sudo apt-mark hold' na jina la kifurushi. Mfumo utasasisha vingine vyote na kukiacha hicho. Amri 'apt-mark showhold' huorodhesha vilivyoshikiliwa, na 'sudo apt-mark unhold' hukiachilia. Andika katika daftari sababu na tarehe ya kukishikilia, kwa maana fundi atakayekuja baadaye hatajua. Kivinjari cha intaneti na kerneli visishikiliwe kwa muda mrefu, kwani ndivyo vinavyohitaji viraka mara kwa mara.

Kosa kubwa ni kuchanganya maghala, yaani kuchukua kifurushi cha toleo moja la Debian na kukilazimisha katika jingine. Vifurushi hutegemeana, na kimoja kikiingia kwa nguvu kinaweza kuvuta au kuvunja vingine kadhaa. Programu isiyokubali ila mfumo wa kale iwekwe katika mashine yake pekee, isiyounganishwa na intaneti.

Mara nyingine, dawa ni kuhamia kwa mrithi. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Anayeing'ang'ania hiyo leo ana kifurushi kisicho na mtunzaji. Lakini LibreOffice, iliyochipuka kutokana na OpenOffice mwaka 2010, inaendelea kutunzwa, ina sura ya Kiswahili, na kuna kifurushi cha hunspell-sw cha kukagua tahajia.

Kusafisha mabaki

Diski ndogo hujaa upesi. Amri 'sudo apt clean' hufuta vifurushi vilivyopakuliwa na kuhifadhiwa, ilhali 'sudo apt autoremove' huondoa vile ambavyo hakuna programu inayovihitaji tena, zikiwemo kerneli za zamani.

Soma orodha kabla ya kukubali. Andika 'uname -r' kujua kerneli inayotumika sasa. Usiiondoe, na ubakishe moja ya kabla yake. Ikiwa mpya itakataa kuwaka, hiyo ya zamani ndiyo itakayokuokoa.

Kupunguza gharama ya intaneti

Zamani, Ubuntu ilituma diski za CD kwa posta bila malipo hadi 2011, na wengi walisakinisha kwa njia hiyo bila kupata viraka baadaye. Siku hizi mtandao umeenea, lakini bando bado lina gharama.

Chukua mfano wa saiba yenye tarakilishi 8. Kila moja ikipakua viraka vile vile, data hutumika mara 8. Fundi anaweza kuweka programu ya apt-cacher-ng katika mashine moja. Kifurushi hupakuliwa mara moja na kuhifadhiwa humo, kisha nyingine 7 hukichukua kupitia mtandao wa ndani. Kazi hiyo inaweza kufanywa usiku, wateja wakiwa wamekwenda.

Wajibu kwa mteja

Mteja wa Kayole au Dandora haoni toleo la mfumo. Anaona skrini tu, kisha anaandika nambari ya kitambulisho, PIN ya ushuru na nenosiri. Amemwamini mwenye chumba. Tena, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayehifadhi habari za watu azilinde ipasavyo, nazo saiba nyingi hubaki na nakala za vitambulisho na vyeti katika diski zao.

Yafaa basi kila mwenye saiba ajiwekee ratiba: viraka kila wiki, ukaguzi wa diski kila mwezi, na mara moja kwa mwaka kutazama tarehe ya mwisho ya mfumo wake. Mashine ya miaka 15 inayotunzwa inaweza kuendelea kuhudumia wakazi kwa uaminifu, ilhali ya juzi iliyoachwa bila viraka huweza kumtia hasara aliyeketi mbele yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kazi hii ukuta huo hujengwa kwa mali ya mteja.