Kuwamba Raketi: Kumbukumbu za Fundi na Istilahi Zake

Makala hii inahusu kazi ambayo huenda wengi wa wasomaji wetu hawakuwahi kuifikiria: kazi ya fundi anayetia nyuzi kwenye raketi za tenisi, na programu za kompyuta ambazo fundi huyo siku hizi huwekea kumbukumbu zake. Msomaji aweza kuuliza, jambo hilo lina uhusiano gani na istilahi? Uhusiano upo, tena ni wa karibu. Programu ya kumbukumbu ni mtahini mkali wa maneno. Mtu akizungumza na mwenzake aweza kusema "ile kamba" na kuashiria kwa kidole, wakaelewana. Lakini jedwali la kompyuta halioni kidole. Kila safu hutaka jina lake, na jina moja likibebeshwa vitu viwili, hesabu huharibika na mteja hurudishiwa raketi asiyoiagiza. Mfasiri anayepewa programu kama hiyo aitie Kiswahili hana budi kujua kwanza majina hayo yalipatikanaje katika lugha zilizotangulia.

Tenisi ya uwanja wa nyasi ilipata hataza yake Uingereza mwaka 1874, kwa ombi la Meja Walter Clopton Wingfield. Mwaka uliofuata, huko Lyon, Ufaransa, Pierre Babolat, ambaye kazi yake ilikuwa nyuzi za ala za muziki, alitengeneza nyuzi za kwanza za utumbo kwa ajili ya raketi za mchezo huo. Utumbo uliotumika zamani ulikuwa wa kondoo, baadaye ukawa wa ng'ombe. Waingereza huuita uzi wa namna hii kwa jina linalotaja paka, ingawa hakuna paka anayehusika. Tunalitaja jambo hili kwa sababu mfasiri anayefuata neno kwa neno angeweza kutuletea "utumbo wa paka" katika orodha ya bidhaa za dukani, na watoto wa wateja wakaanza kuwaficha paka wao.

Katika zama za raketi za mbao, fundi aliibana raketi katika jiliwa, akaupitisha uzi tunduni, akauvuta kwa nguvu ya mikono yake, kisha akachomeka maharazi, yaani msumari kama ule wa mshona viatu, ili uzi usirudi nyuma wakati anapoandaa tundu linalofuata. Mkazo ulipimwa kwa sikio. Fundi aliugonga uzi akasikiliza sauti yake, kama afanyavyo mpiga udi. Na sikio halikudanganya, kwani uzi uliokazwa zaidi hutoa sauti nyembamba zaidi. Lakini sauti haiandikiki daftarini. Fundi wa zama hizo aliweza kuandika jina la mteja, tarehe na bei. Lile lililokuwa kiini cha kazi yake lilibaki katika viganja na masikio yake, na alipofariki lilizikwa pamoja naye.

Kilichobadili mambo ni mashine. Ilipopatikana mashine yenye mkono na uzito unaoning'inia, na baadaye mashine za springi na za umeme, mkazo ulipata namba: paundi 50, paundi 60. Namba huandikika, nayo ikishaandikwa huulizwa. Mchezaji akaanza kusema, "Nifanyie kama mara iliyopita," na fundi akalazimika kujua mara iliyopita ilikuwa vipi. Wengine walikuwa na matakwa ya ajabu. Björn Borg wa Sweden, aliyetwaa ubingwa wa Wimbledon mara 5 mfululizo kuanzia 1976 hadi 1980, alijulikana kwa kupenda mkazo wa karibu paundi 80, na nyuzi zake zilikuwa zikikatika zenyewe hata raketi ikiwa imelazwa tu. Mwaka 1975 mafundi wa Marekani walipata chama chao, na miongoni mwa kazi za chama hicho ilikuwa kuwagawia wanachama maelezo ya kila aina ya raketi: nyuzi ngapi za wima, ngapi za mlalo, uzi uanzie tundu gani na lipi lirukwe.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa maana miaka miwili baadaye lilitokea tukio ambalo kwa mtu wa istilahi ni hazina. Hadi mwaka 1977 sheria za tenisi zilieleza mpira, wavu na kiwanja kwa vipimo, lakini hazikusema popote raketi ni nini. Kila mtu alidhani anajua. Ndipo Mjerumani Werner Fischer alipobuni raketi ya nyuzi maradufu: nyuzi za wima zilikuwa tabaka mbili, na zile chache za mlalo zilipita katikati ya tabaka hizo bila kufumwa nazo. Nyuzi za wima ziliweza kuteleza na kurudi mahali pake, na mpira ukatoka ukizunguka kwa kasi isiyozoeleka. Watu wakaipa raketi hiyo lakabu ya tambi. Katika mashindano ya wazi ya Marekani ya mwaka huo, Mike Fishbach, mchezaji asiye na jina kubwa, alimtoa Stan Smith, aliyepata kuwa bingwa wa Wimbledon. Mwezi Oktoba, huko Aix-en-Provence, Ilie Năstase aliishika raketi ya aina hiyo dhidi ya Guillermo Vilas wa Argentina, ambaye alikuwa ameshinda mechi 53 mfululizo kwenye viwanja vya udongo. Vilas alipoteza seti mbili za kwanza akaondoka uwanjani.

Shirikisho la Kimataifa la Tenisi likaipiga marufuku raketi hiyo kwa muda, lakini marufuku hudumu pale tu kinachopigwa marufuku kinapoelezeka. Mwaka 1978 ndipo fasili ya raketi ilipoingizwa katika sheria kwa mara ya kwanza. Maana yake kwa ufupi ni kwamba uso wa kupigia uwe bapa, uwe na nyuzi zinazopishana zilizoshikizwa kwenye fremu, na mahali zinapokutana ziwe zimefumana kwa zamu, juu na chini, au zimegandamanishwa. Tazama jinsi uamuzi wote ulivyoegemea kitenzi kimoja, yaani kufumana. Mchezo ulikuwa umeishi zaidi ya miaka 100 bila fasili ya chombo chake kikuu, na siku fasili ilipohitajika ilihitajika haraka, mashindano yakiwa yanaendelea. Watumishi wa serikali wanaoandika kanuni watanielewa.

Wakati huohuo kompyuta zilikuwa zikishuka bei. Msingi wa kumbukumbu za leo uliwekwa mwaka 1970, pale Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alipochapisha makala yake juu ya kupanga data katika majedwali yanayohusiana. Mwaka 1979 ikatoka VisiCalc, jedwali la hesabu la kompyuta ndogo, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaenea dBASE, ambayo mwenye duka aliweza kujitungia kwayo faili za wateja wake. Baadaye zikaja programu zilizotungwa makusudi kwa mafundi wa raketi, na siku hizi nyingine hukaa katika simu ya mkononi.

Programu hizi zafanya nini? Kwa kawaida zina majedwali matatu. La kwanza ni la wateja. La pili ni la raketi, kwa kuwa mteja mmoja aweza kuwa na raketi 6 zinazofanana kwa sura na kutofautiana kwa mkazo; kila raketi hupewa namba yake. La tatu ni la kazi zilizofanywa: tarehe, aina ya uzi, unene, mkazo, mashine iliyotumika. Haya yote yaonekana mepesi hadi unapofika kwenye ghala. Koili moja ya uzi ina mita 200, na raketi moja hula kiasi cha mita 12. Kwa hiyo koili hutoa raketi 16 na kubakiza mita 8. Programu hupunguza hesabu hiyo kila kazi inapoandikwa. Lakini wachezaji wengi sasa hutaka nyuzi za aina mbili katika raketi moja. Gustavo Kuerten wa Brazil alipotwaa ubingwa wa Ufaransa mwaka 1997 kwa nyuzi za poliesta, watu walizikimbilia. Na kwa kuwa ni ngumu kwa mkono, wengi huzitia upande wa wima tu, na upande wa mlalo wakatia utumbo au nailoni. Basi kazi hiyo hula mita 6 za huku na mita 6 za kule. Programu yenye safu moja tu iliyoandikwa "kamba" itapunguza mita 12 kutoka koili moja, na mwisho wa mwezi mwenye duka ataagiza uzi anao na kukosa uzi anaouhitaji.

Sasa tuje kwetu. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, uagizaji wa mashine hizo ukapigwa marufuku mwaka 1974, na ilipofika 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Hivyo maneno ya jumla, kama faili, jedwali na kanzidata, yamekwisha kupata watumiaji. Yaliyobaki ni maneno ya ufundi, na hapa ndipo naona wafasiri wetu huharakisha kukopa kabla ya kufungua sanduku la bibi.

Tukianza na kitenzi, wengi husema "kufunga kamba" au "kutia nyuzi". Lakini Kiswahili kina kuwamba. Ngoma huwambwa ngozi, kitanda huwambwa kamba, na maana yake ni kutandaza kitu juu ya kiunzi na kukikaza. Hicho ndicho akifanyacho fundi wa raketi, wala hakuna kinachopungua. Methali yasema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na kila aliyewahi kuona mashine ya raketi ikivuta uzi atakubali. Kwa jina la mtendaji napendelea mwambaji kuliko mwamba, kwani mwamba ni jiwe, na vijana wa siku hizi wamekwisha kulipa neno hilo maana nyingine ya sifa.

Kwa nyuzi za wima na za mlalo, tunayo maneno ya mfumaji. Nyuzi za urefu zinazotandazwa kwanza ni mtande, na zile zinazopitishwa kati yake ni mshindio. Pwani yetu ilisokota na kufuma pamba karne nyingi. Vigurudumu vya kusokotea vimefukuliwa Kilwa. Fundi wa raketi naye huanza na mtande wote, kisha huupitisha mshindio juu na chini. Raketi ya Fischer twaweza kuieleza kwa sentensi moja: mshindio wake haukufumwa na mtande. Najua wapo watakaosema kwamba maneno haya yamesahauliwa na kwamba "wima" na "mlalo" yaeleweka na wote. Ni kweli yaeleweka, ila raketi ikilazwa mezani, wima ni upi? Mtande hubaki mtande hata raketi ikigeuzwa.

Juu ya uzi na kamba sina shaka. Udi na zeze zina nyuzi, na nyuzi za Lyon zilitokana na ala za muziki. Kamba ni ya kitanda na ya mbuzi. Mkazo nao unafaa, ingawa wanaisimu wamekwisha kuutumia kwa sauti ya silabi, muktadha utawatenganisha. Lakini neno mkazo peke yake halitoshi katika jedwali. Uzi huanza kulegea mara raketi inapoondolewa mashineni, tena mashine inayovuta kisha ikajifunga hutoa raketi laini kuliko ile inayoendelea kuvuta, hata kama namba iliyowekwa ni ileile. Basi ziwepo safu mbili, mkazo ulioagizwa na mkazo uliopimwa, na kipimo kiandikwe wazi kama ni paundi au kilo.

Neno kumbukumbu lina kazi nyingi mno: ni ukumbusho, ni muhtasari wa mkutano, ni hifadhi ya ndani ya kompyuta. Kwa mstari mmoja wa jedwali rekodi yafaa zaidi, na kumbukumbu ibaki kwa jumla yake. Daftari pia lisitupwe. Neno hilo tulilipata kwa Waarabu, nao kwa Waajemi, na asili yake ni Kigiriki, ambako lilikuwa na maana ya ngozi ya mnyama. Kwa fundi wa nyuzi za utumbo ni jamaa wa karibu kuliko kanzidata.

Limebaki neno la unene, ambalo lina mtego. Wauzaji wa nyuzi huzipa namba za daraja, na namba ikizidi kupanda uzi huzidi kuwa mwembamba: daraja la 16 kwa kawaida ni kama milimita 1.30, na la 17 ni kama milimita 1.25. Mfasiri akiiita safu hiyo "unene", mwenye duka ataona 17 akadhani ni nene kuliko 16. Safu ya unene iandikwe kwa milimita, na daraja likae katika safu yake lenyewe.