Kabla ya Magrupu ya WhatsApp ya Masaki: Stori ya Akina Mama wa Kipolandi Waliolelea Watoto Tengeru

Mama wa Kizungu akihamia Masaki leo, kuna mambo anayakuta yameshanyooshwa. Kabla hata hajamaliza kufungua mabegi, ameshaingizwa kwenye grupu la WhatsApp la akina mama wageni wenzake. Humo anaelekezwa daktari wa watoto, dada wa kazi, shule yenye nafasi, na wapi watoto wanakutana kucheza Jumamosi. Akijisikia mpweke anaandika tu: "Jamani, nani ana nafasi ya kahawa leo?" Ndani ya dakika tano ana marafiki watatu.

Sasa rudisha saa nyuma mpaka mwishoni mwa 1942.

Vuta picha ya mwanamke anashuka kwenye treni Arusha. Gauni limechakaa, watoto wawili wamemng'ang'ania, wa tatu alimzika njiani. Mume hajui yuko wapi. Kiingereza hajui, Kiswahili ndo hajawahi hata kukisikia. Anapandishwa kwenye lori, anapelekwa mashariki mwa mji, njia ya Moshi, mpaka sehemu inaitwa Tengeru. Anaambiwa hapa ndipo nyumbani kwa sasa. Lea watoto wako hapa.

Mwanamke huyo hakuwa mmoja. Walikuwa wengi sana, na wengi wanaopita Tengeru kila siku kwenye daladala hawajui kabisa kama hii kitu iliwahi kutokea.

Walifikaje huku?

Septemba 1939 Poland ilivamiwa pande mbili. Tarehe 1 waliingia Wajerumani kutoka magharibi, tarehe 17 likaingia jeshi la Kisovieti kutoka mashariki. Kuanzia Februari 1940, Wasovieti wakaanza kusomba familia nzima nzima za upande wa mashariki. Mlango unagongwa usiku, mnapewa muda mfupi wa kufunga mizigo, mnajazwa kwenye mabehewa ya mizigo, safari inaishia Siberia au Kazakhstan. Baridi, njaa, kukata magogo, magonjwa. Huko wengi walikufa, hasa watoto wadogo na wazee.

Juni 1941 Hitler akamgeuka Stalin, akaivamia nchi yake. Stalin akajikuta anahitaji marafiki, na Julai mwaka huohuo akakubali Wapolandi waachiwe na waunde jeshi lao. Mwaka 1942 jeshi hilo likavuka Bahari ya Kaspi kuingia Iran, na raia kwa maelfu wakalifuata, kwa sababu kubaki nyuma ilikuwa sawa na kusubiri kifo.

Hapo ndipo familia zikagawanyika. Wanaume wenye nguvu walibaki jeshini, na baadaye wengi wao walikwenda kupigana Italia. Akina mama, watoto, yatima na wazee wakahitaji pa kuwekwa. Wengine walipelekwa India, wengine Mexico, kuna watoto waliokwenda mpaka New Zealand. Takribani 18,000 wakaletwa Afrika, kwenye makoloni na maeneo yaliyokuwa chini ya Waingereza. Uganda walikuwepo Masindi na Koja. Hapa Tanganyika walikuwepo Kondoa, Ifunda, Kidugala, Morogoro, na kambi kubwa kuliko zote ikawa Tengeru, iliyofikisha karibu watu 5,000.

Wanaume wazima walikuwa wachache mno. Yaani ulikuwa mji wa akina mama na watoto.

Nyumba za msonge chini ya Mlima Meru

Walichokikuta ni vijumba vya duara, kuta za udongo, paa la nyasi, vimejipanga mistari na mistari. Mlima Meru uko hapo unawatazama, Ziwa Duluti liko jirani. Kwa mtu aliyetoka kwenye theluji ya Siberia, migomba na jua la Arusha vilikuwa kama pepo. Lakini pepo hiyo ilikuja na malaria, nyoka, na mlio wa fisi usiku.

Ebu fikiria ulezi wa namna hiyo. Mama aliyekulia kijijini kwao alijua akimwona mtoto ana homa ya baridi afanye nini. Hii homa ya Tengeru haijui. Bibi yake mtoto, ambaye kwao angemuuliza, yuko maelfu ya kilomita au ameshafariki. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na hapa nyoka walikuwepo kweli. Aliyebaki wa kumuuliza ni jirani wa kijumba cha pili, ambaye naye amefika juzi.

Urafiki wa Tengeru ulianzia hapo. Ulianzia kwenye mtoto kuumwa, kwenye kuazimana sindano ya kushonea, kwenye "nitazamie wangu nikachukue mgao". Ukiwa mama mgeni hupati muda wa kuchagua marafiki wa kufanana nawe. Aliye jirani ndo huyohuyo.

Na hawakuwa wanafanana, usidhani. Kulikuwa na wake za wakulima, wake za walinzi wa misitu, walimu, wake za maofisa wa jeshi. Kule kwao wangepishana barabarani bila hata salamu. Hapa wanagawana ukuta, foleni na msiba.

Misiba nayo ilikuwa inakuja kwa barua na redio. Aprili 1943 zilitangazwa habari za makaburi ya halaiki Katyn, ambako maofisa wa Kipolandi waliotekwa walikuwa wameuawa kwa risasi mwaka 1940. Kwenye kambi za Afrika walikuwepo wake za maofisa wa aina hiyo, waliokuwa wanasubiri barua ambazo zilikata ghafla miaka mitatu nyuma. Halafu Mei 1944 vikaja vita vya Monte Cassino kule Italia, na baba wengine wakabaki palepale. Siku kama hizo, rafiki yako ni yule anayechukua watoto wako akawalishe bila kuambiwa.

Mgeni siku mbili

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walishika jembe kweli. Kambi ilikuwa na shamba lake, na mbele ya vijumba wakapanda maua na mboga. Wakaanzisha chekechea, shule za msingi, sekondari, mafunzo ya ushonaji na kilimo. Wakawa na kanisa, hospitali, nyumba ya yatima, kwaya, maigizo na skauti. Walimu walianza karibu mikono mitupu, vitabu hakuna.

Kwa nini walijitesa hivyo? Kwa sababu kila mama alikuwa analea mtoto wa kurudi. Mpango ulikuwa vita viishe, wapande meli, waende kwao, na mtoto akifika asiwe mgeni kwenye lugha yake mwenyewe. Kwa hiyo ndani ya kijumba ni Kipolandi, sala za Kipolandi, historia ya Poland, Krismasi ya Kipolandi kwenye joto la Desemba.

Ila mtoto ni mtoto bhana. Mama anamfundisha jina la mto ambao mtoto hata haukumbuki, mtoto anataka kwenda kupanda mti wa hapa. Madogo walikuwa peku, wanajua tunda gani limeiva, wanaokota Kiswahili haraka kuliko wakubwa, na mama akitaka kununua kitu mtoto ndiye mkalimani. Wengi waliokulia kule walikuja kuikumbuka Tengeru kama sehemu nzuri kuliko zote za utoto wao. Kwa mama ilikuwa ni kusubiri. Kwa mtoto ilikuwa ni nyumbani. Wanakaa kijumba kimoja, kila mtu anaishi nchi yake.

Urafiki uliokuwa na mpaka

Sasa hapa ndo stori inapokuwa nzito.

Tanganyika ya wakati ule ilikuwa imepangwa kwa rangi. Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Shule, hospitali, vilabu, kila kitu kimegawanywa. Wapolandi wakafika wakavuruga hesabu. Ni Wazungu, lakini ni maskini. Wanafua wenyewe, wanalima wenyewe, wanatembea kwa miguu, Kiingereza hawajui. Walowezi wengi wa Kiingereza hawakuwaona kama watu wa kukaribishwa chai.

Upande wa pili walikuwepo wenyeji, Wameru na Waarusha. Hao ndio waliofanya kazi za kambi, ndio waliokuja na ndizi, mayai na matunda ya kuuza au kubadilishana. Mwanamke wa Kipolandi asubuhi alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuongea na mama wa Kimeru mwenye mkungu wa ndizi kuliko na mke wa bwana mkubwa wa Kiingereza.

Na serikali hilo lilikuwa linaikosesha usingizi. Maofisa wa kikoloni waliogopa kwamba Wazungu maskini wakichanganyika sana na Waafrika, heshima ya Mzungu itashuka. Mahusiano kati ya wanawake wa Kipolandi na wanaume wa Kiafrika ndo yaliwatisha kuliko yote. Ukaribu wa kawaida tu wa majirani ukawa suala la kiserikali.

Lakini na Wapolandi wenyewe wasisafishwe kupita kiasi. Waliteswa, ni kweli, ila walipofika huku walipewa nafasi kwenye ngazi ya Wazungu, na wapo walioizoea haraka. Mwafrika alikuwa anachota maji na kubeba kuni kwenye kambi iliyo kwenye ardhi ya babu zake, na aliitwa "boi" hata kama ana wajukuu. Mama wawili wangeweza kucheka pamoja kwenye ndizi, halafu kila mmoja anarudi kwenye ngazi yake.

Kwao hakupo tena

Vita viliisha 1945, lakini ile safari ya kurudi haikuwepo tena. Kwenye mkutano wa Yalta, Februari 1945, wakubwa walikubaliana kwamba eneo la mashariki mwa Poland libaki kwa Wasovieti. Wengi wa akina mama wa Tengeru walikuwa wametoka hukohuko. Nyumba waliyoilelea watoto wao miaka yote ilikuwa sasa ndani ya nchi ya yule aliyewasomba usiku.

Wachache walirudi Poland. Waliokuwa na mume au mtoto jeshini waliruhusiwa kuwafuata Uingereza, na kuanzia 1948 wengi wakaondoka. Mwaka 1949 kundi la yatima lilipelekwa Canada. Wengine wakaenda Australia na kwingineko. Yaani mama aliyeanza upya Siberia, akaanza upya Iran, akaanza upya Tengeru, anaanza tena upya: lugha mpya, majirani wapya, na nani wa kumwachia mtoto.

Na ona jambo hili. Wakati kambi inakaribia kufungwa, mwishoni mwa 1951, serikali ileile ya kikoloni iliwahamisha Wameru karibu 3,000 kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, upande wa pili wa mlima, ili kuwapisha walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka 1952 Wameru walimtuma Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa, New York, kulalamika. Kwa hiyo wakati mama wa Kipolandi anafunga mizigo, mama wa Kimeru naye anasombwa na watoto wake kwenye ardhi yake mwenyewe. Kama kuna mtu duniani angeelewa maumivu yake, ni yule mgeni wa kwenye vijumba vya duara.

Kilichobaki

Makaburi yapo mpaka leo Tengeru, takribani 150, Wakatoliki, Waorthodoksi na Wayahudi. Wapolandi wachache walibaki, na mmoja aliyefika akiwa mtoto aliishi hukuhuku mpaka alipofariki 2015. Wanaofagia makaburi yale na kung'oa majani ni Watanzania.

Juu ya mawe kuna majina. Ukitaka kujua mama fulani wa Kipolandi alizaliwa lini na akafa lini, utasoma. Ila yule mama wa Kimeru aliyeleta ndizi mtoto wa mwenzie alipokuwa anapona malaria, yule aliyemfundisha mgeni neno "maji" na neno "pole", huyo hana jiwe. Hakuna karatasi ya kambi iliyoandika jina lake. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema, lakini waliosahaulika kabisa kwenye stori hii ni wenyeji.

Kama una bibi au babu wa Tengeru, Usa River au Arusha, muulize wiki hii, maana waliobaki na kumbukumbu hizo wanahesabika. Akikupa jina, liandike hapo chini kwenye maoni. Lisomwe na lenyewe.