Dozi

Mtaani, dozi humalizwa. Mgonjwa wa malaria huambiwa ameze vidonge mpaka viishe, na timu iliyofungwa mabao matano nayo husemwa imepewa dozi.

Kwa mwanafizikia tiba anayehudumia watoto wenye saratani, dozi ya mionzi hupimwa kwa grei: jouli moja ya nishati iliyofyonzwa na kilo moja ya mwili. (Ni kila kilo ya sehemu iliyolengwa, wala si uzito wa mtoto mzima.) Jina linamkumbuka Louis Harold Gray, mwanafizikia wa Uingereza, na kipimo kiliidhinishwa kimataifa mwaka 1975.

Chukua uvimbe wa Wilms, saratani ya figo ya watoto. Baada ya upasuaji, ubavu wa mtoto anayehitaji mionzi mara nyingi hupewa grei 10.8, zikigawanywa mara sita, grei 1.8 kila safari. Ajabu ni kwamba eneo la mionzi huongezwa kwa makusudi: pingili za uti wa mgongo zilizo jirani huingizwa nzima, kushoto hadi kulia. Pingili ikipigwa nusu, upande mmoja hudumaa, mwingine hurefuka, na mgongo hupinda kadiri mtoto anavyokua. Mtu mzima hana hatari hiyo. Mifupa yake imeshakoma kukua.

Daktari huandika dozi. Mwanafizikia huhakiki hesabu za kompyuta, kisha huupima mwali wa mashine ndani ya tangi la maji, maana nyama ya mwili hufyonza mionzi karibu sawa na maji.