Mgeni na Mkalimani: Kufika kwa Wamisionari Kasigau na Sagala, 1847–1894

Katika historia ya kuenea kwa Ukristo Afrika Mashariki, kufika kwa mmisionari huelezwa aghalabu kama safari ya miguu: siku aliyoondoka pwani, nyika aliyoivuka, mlima alioufikia. Husahaulika kwamba mgeni huyo alikuwa na safari ya pili, nayo ndefu zaidi, yaani kuingia katika lugha ya wenyeji. Habari za Utaita zaonyesha kwamba katika safari hii ya pili mwenyeji ndiye aliyekuwa mwalimu, na mmisionari ndiye mwanafunzi.

Mlima Kasigau, ambao kijiji cha Rukanga kipo chini yake, umesimama peke yake nyikani, kusini ya Voi. Kwa misafara iliyotoka Mombasa na kupita katika ukame wa Taru, mlima huo ulikuwa alama ya njia. Johannes Rebmann, Mjerumani wa Württemberg aliyetumwa na chama cha wamisionari cha C.M.S., aliufikia Oktoba 1847, mwaka mmoja tu baada ya kujiunga na Ludwig Krapf huko Rabai. Katika maandishi yake mlima huo unaitwa Kadiaro, na jina hilo likaingia katika ramani za Ulaya, ilhali wenyewe wanaoishi hapo wanasema Kasigau.

Rebmann hakufika kwa Kikasigau. Alifika kwa Kiswahili, lugha ya wachukuzi na viongozi wa misafara, ambao wengi wao walikuwa Waislamu. Jambo hili si dogo. Mahubiri ya Kikristo yalipita kwanza katika lugha ambayo msamiati wake wa dini ulikwisha kulelewa na Uislamu, ndipo yakamfikia msikilizaji aliyekuwa na neno lake mwenyewe, Mlungu. Kwa asili neno hilo na Mungu la Kiswahili ni neno moja, sauti ya l ikiwa imedondoka katika Kiswahili. Mgeni aliyedhani analeta jina jipya alilikuta limekwisha kutangulia, nalo lilikuwa na maana zake ambazo hakuzitia yeye.

Uwezo wa mkalimani wadhihirika zaidi katika safari ya 1848. Tarehe 11 Mei, Rebmann akiwa njiani kutoka Taita kwenda Uchagani, aliona weupe juu ya mlima Kilimanjaro. Kiongozi wake wa njia, Bwana Kheri wa Mombasa, hakuwa na jina la theluji. Aliutaja weupe ule kuwa ni baridi tu. Neno hilo moja lilitosha. Macho yalikuwa ya Rebmann, lakini maelezo yaliyomthibitishia alichokiona yalitoka katika Kiswahili. Wataalamu wa London waliibishia habari hiyo kwa miaka mingi.

Rebmann alikuwa mpita njia. Ukaaji ulianza 1883, J. A. Wray wa C.M.S. alipofika Sagala, mlima ulio karibu na Voi. Muda si muda ukaja ukame na njaa kubwa, na wako waliomshuku mgeni kuwa ndiye azuiaye mvua. Tuhuma kama hiyo haiwezi kujibiwa kwa lugha ya msafara. Kiswahili cha wachukuzi chatosha kununua chakula na kuuliza njia. Hakitoshi kujadiliana na wazee juu ya mvua, wafu na laana. Hapana budi mgeni ajifunze lugha ya nyumbani, tena kwa hao hao wanaomshuku.

Matunda ya kujifunza huko ni kitabu cha sarufi kilichochapishwa London mwaka 1894. Jina lake lilitaja lugha ya Kitaita, ingawa alichokieleza Wray ni usemi wa Sagala, ambao watofautiana sana na Kidawida. Kikasigau, kilicho karibu zaidi na Kidawida, hakikupewa nafasi yake. Mlima uliotangulia kufikiwa ukawa nyuma katika maandishi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza mambo yakazidi kuwa mabaya: mwaka 1915 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wa Kasigau hadi Malindi, ikiwatuhumu kuwasaidia Wajerumani, na hawakurejea hadi miaka ya 1930.

Basi sarufi za wamisionari hazina budi kusomwa kwa makini zaidi. Jalada la kitabu cha 1894 lina jina la mtu mmoja, lakini hakuna sentensi ya Kisagala ndani yake ambayo haikutoka kwanza katika kinywa cha Msagala. Mchunguzi wa leo akiishika sarufi ya namna hiyo, yafaa aulize maswali mawili: ni usemi wa kijiji gani ulioandikwa, na ni wa kijiji gani ulioachwa. Kwa upande wa Rukanga, jibu la swali la pili bado laweza kutafutwa kwa wasemaji wenyewe.