Printa ya Nyumbani Inapogoma: Namna ya Kutambua Chanzo Kabla ya Kutumia Fedha

Huduma nyingi za Serikali huanzia mtandaoni, lakini baadhi yake bado hupitia kwenye karatasi. Mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu hujaza fomu mfumoni, huichapa, huipeleka kwa wanaopaswa kuithibitisha kwa saini na mhuri, kisha huirejesha mfumoni. Mwombaji wa pasipoti naye huchapa fomu yake kabla ya kufika ofisi ya Uhamiaji. Printa ikigoma siku moja kabla ya dirisha la maombi kufungwa, mwananchi anaweza kukosa haki yake kwa sababu ya hitilafu inayorekebishika nyumbani.

Kinachowagharimu wengi ni kununua katriji mpya, au kufuta programu na kuziweka upya, kabla ya kujua tatizo liko wapi. Waraka hupita sehemu tatu: kompyuta, njia ya mawasiliano ambayo ni waya wa USB au Wi-Fi, na printa yenyewe. Kipimo cha kwanza ni kuiagiza printa ichape ukurasa wa majaribio kwa vitufe vyake, bila kuihusisha kompyuta. Printa nyingi zina uwezo huo, na kitabu cha maelezo huonyesha vitufe vya kubonyeza. Ukurasa ukitoka safi, hitilafu iko kwenye kompyuta au njiani. Ukitoka na mistari mieupe, au usipotoka kabisa, hakuna sababu ya kuigusa kompyuta.

Kwa kompyuta zinazotumia Windows, mtuhumiwa wa kwanza ni foleni ya uchapaji. Kila waraka unaoagizwa kuchapwa huhifadhiwa kwanza kama faili ndani ya kompyuta, ukisubiri zamu yake. Waraka mmoja ukikwama, yote inayoufuata husimama, na kuzima kompyuta si lazima kuiondoe foleni hiyo. Mtumiaji asiyejua hilo hubonyeza tena na tena, kisha printa inapozinduka hutoa nakala kumi za fomu ileile yenye namba yake ya NIDA. Dawa ni kufungua orodha ya printa kwenye mipangilio na kufuta kazi zilizokwama. Zikigoma kufutika, huduma iitwayo Print Spooler isimamishwe, faili zilizomo kwenye folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS zifutwe bila kuifuta folda yenyewe, kisha huduma hiyo iwashwe tena. Kazi hiyo huhitaji akaunti yenye mamlaka ya msimamizi wa kompyuta.

Ni vyema pia kuangalia printa iliyochaguliwa. Windows 10 na 11 zinaweza kuifanya printa iliyotumika mwisho kuwa chaguo la kawaida, na kwenye orodha hiyo imo Microsoft Print to PDF, ambayo haitoi karatasi bali huhifadhi faili. Kompyuta inayouliza jina la faili badala ya kuchapa haina ugonjwa wowote.

Printa ya Wi-Fi huweza kuonekana haipo mtandaoni ingawa taa yake inawaka, hasa baada ya umeme kukatika, kwa kuwa ruta inapowaka upya inaweza kuipa anwani nyingine huku kompyuta ikiendelea kuitafuta kwenye anwani ya zamani. Iwashwe upya ruta kwanza, kisha printa, kisha kompyuta. Mwenye haraka atumie waya wa USB.

Taa ikipepesa wakati karatasi zipo, ukubwa wa ukurasa ukaguliwe. Nyaraka zilizoandaliwa kwa vipimo vya Marekani hutumia karatasi ya Letter yenye milimita 216 kwa 279, ilhali A4 ina 210 kwa 297. Baadhi ya printa husimama zikisubiri karatasi ambayo haipo nyumbani. Kuchagua A4 kwenye dirisha la uchapaji hutosha.

Kwa printa za wino wa maji, mistari mieupe mara nyingi humaanisha kuwa matundu ya wino yamekauka kwa kutotumika, wala si kwamba wino umekwisha. Usafishaji wa kichwa cha printa ufanywe mara mbili au tatu tu, kwa sababu wenyewe hutumia wino mwingi, kisha printa ipumzishwe saa kadhaa. Katika maeneo ya pwani, karatasi zilizoachwa wazi hunyonya unyevu, hushikana na kukwama. Zibaki kwenye pakiti yake. Iliyokwama ivutwe polepole kwa mikono miwili kuelekea upande inakotokea, printa ikiwa imezimwa. Printa ya leza iachwe ipoe kwanza, kwani roli zake za ndani huunguza.

Draiva, yaani programu inayoiunganisha kompyuta na printa, ipakuliwe kwenye tovuti ya mtengenezaji pekee. Tangu Microsoft ilipoziba udhaifu mkubwa wa usalama wa Print Spooler mwaka 2021, Windows inaweza kudai idhini ya msimamizi wakati wa kuweka draiva. Tovuti inayomtaka mtu apige simu na kulipia draiva iepukwe.

Yote yakishindikana, steshenari ipo. Waraka upelekwe kama PDF kwenye flashi, na kabla ya kuondoka mteja ahakikishe nakala yake imefutwa kwenye kompyuta ya duka. Aliyefungua barua pepe au WhatsApp hapo atoke kwenye akaunti yake.