Vita vya masomo: waamini na wasioamini katika historia yetu



Katika mwaka wa jubilei tunahesabu neema za Mungu: wabatizwa, ndoa, miito, makanisa yaliyojengwa. Ni vema na haki. Lakini kumbukumbu iliyo kamili hutaja pia siku za ugomvi, maana ndani yake mna mafundisho. Katika kurasa hizi chache nataka kukumbusha ugomvi mmoja ulioitikisa Eklezia ya Kongo: ugomvi juu ya masomo, kati ya watu wa dini na watu wasio na dini. Watoto wa parokia hii wanaokaa leo darasani wanarithi matunda yake, matamu na machungu.

1. Misioni na Leta

Tarehe 26 Mei 1906, Kiti Kitakatifu kilipatana na Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa bado mikononi mwa Mfalme Leopold II. Misioni za kikatoliki zilipewa mashamba, nazo zikaahidi kufungua masomo. Ubelgiji ulipoichukua nchi mwaka 1908, njia hiyo haikubadilika. Kuanzia miaka ya 1920 Leta ilitoa feza kusaidia masomo ya misioni za Wabelgiji, yaani hasa ya Wakatoliki. Waprotestanti walingoja mpaka baada ya vita ya 1940-1945 ili wapate nao msaada huo.

Tusiwe wagumu wa kushukuru. Wamisionari na walimu wetu wa kwanza waliwafundisha watu kusoma na kuandika mahali ambapo Leta haikufika. Lakini tuseme ukweli wote. Mzazi mweusi aliyeshika mila ya mababu, au Mwislamu wa Kasongo, au mtu asiyetaka dini yoyote, karibu pote alikuwa na njia mbili tu: kumtuma mtoto kwa misioni au kumweka nyumbani. Wengi walimtuma, na mtoto akabatizwa. Ni nani awezaye kupima ni wangapi waliitwa na imani, na wangapi waliitwa na kalamu? Mungu peke yake anajua mioyo.

2. Ugomvi wa 1954

Mwezi wa Aprili 1954 chama cha kikatoliki kilishindwa katika uchaguzi wa Ubelgiji. Waliberali na Wasosialisti wakaunda serikali, na Auguste Buisseret, Mliberali, akawa Waziri wa Makoloni. Yeye alifungua masomo ya Leta kwa ajili ya watoto weusi, masomo yasiyo chini ya misioni. Humo mzazi alichagua: mtoto wake afundishwe dini, au afundishwe maadili bila dini. Mwaka huohuo Waziri alipokea taarifa ya wajumbe watatu, Coulon, Deheyn na Renson, iliyolaumu vikali masomo ya misioni.

Maaskofu walikataa kwa nguvu. Waliogopa misaada kupunguzwa, na waliogopa zaidi kwamba kizazi kipya kitakua bila Mungu. Kule Ubelgiji kwenyewe Wakatoliki walijaa barabarani mwaka 1955 kupinga sheria za masomo. Huku kwetu ugomvi huo uliingia katika miji na vituo. Upande mmoja ulisema: masomo ya Leta ni masomo ya shetani. Upande wa pili ulijibu: mapadri wanataka kuwafunga watu weusi katika giza. Hata vyuo vikuu vikawa viwili: Lovanium ya Wakatoliki karibu na Léopoldville mwaka 1954, na Chuo Kikuu cha Leta huko Elisabethville mwaka 1956.

Wazee husema: wapiganapo tembo, nyasi huumia. Ugomvi ulitoka Ulaya, na wagomvi wakubwa walikuwa Wazungu. Walakini Wakongomani hawakuwa nyasi tu. Wazazi wengi, hata Wakristu wa kila dominika, waliyapokea masomo ya Leta kwa furaha, maana kwa mara ya kwanza waliulizwa wanataka nini. Na mwezi wa Julai 1956 wenye kuandika gazeti la « Conscience africaine », Wakatoliki waliokuwa karibu na Padri Joseph Malula, walitoa tangazo lao maarufu. Pamoja na mambo mengine waliomba magomvi ya vyama vya Ubelgiji yasiletwe kuwagawanya Wakongomani. Hao walikuwa wana wa misioni. Hawakuikana imani yao, ila walikataa kuigeuza kuwa fimbo.

Mwezi wa Novemba 1958 vyama vya Ubelgiji vilitia sahihi Mapatano ya Masomo, na moto ukapoa.

3. Jaribu la pili

Miaka michache baadaye Eklezia yenyewe ilisema neno kubwa. Mwaka 1965 Papa Paulo VI aliunda Sekretarieti kwa ajili ya Wasioamini, chini ya Kardinali König wa Vienna. Na tarehe 7 Desemba mwaka huo Mtaguso wa Vatikano ulitangaza kwamba mtu asilazimishwe na yeyote katika mambo ya dini. Siku ileile, katika hati juu ya Eklezia katika ulimwengu wa leo, Mababa wa Mtaguso walikiri kwamba waamini wenyewe wanaweza kuwa na sehemu katika kukua kwa hali ya kutoamini, ikiwa mwenendo wao unauficha uso wa Mungu.

Neno hilo tulilielewa vizuri zaidi siku fimbo ilipotugeukia. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliunganisha Lovanium, chuo cha Leta cha Lubumbashi na chuo cha Waprotestanti cha Kisangani kuwa chuo kikuu kimoja cha taifa. Mwaka 1972 majina ya kikristu yalikatazwa, na Kardinali Malula akakaa Roma kwa miezi kadhaa kama mkimbizi. Mwaka 1974 Noeli iliondolewa katika sikukuu za taifa, na mwisho wa mwaka huo masomo yote ya madini yakawa mali ya Leta. Somo la dini likaondolewa, mafundisho ya chama yakashika nafasi yake.

Tuangalie vema ni nani aliyefanya hayo. Hakuwa mpagani wala mfarmasoni. Alikuwa mbatizwa, aliyefundishwa katika masomo ya misioni. Na miongoni mwa watu wasio na dini wako wengi ambao hawakutuchukia kamwe. Kwa hiyo mpaka kati ya uvumilivu na uadui haupiti kati ya mwamini na asiyeamini. Unapita ndani ya moyo wa kila mtu aliye na nguvu juu ya mwenzake.

Leta haikuweza kuubeba mzigo ule. Tarehe 26 Februari 1977 ilifanya mapatano na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu: masomo yanabaki ya Leta, na madini yanayaongoza. Ndipo yalipotoka masomo tunayoyaita « conventionnées ». Na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema kwamba Leta haina dini yake, na kwamba kila mtu ana uhuru wa zamiri na wa dini.

4. Urithi wetu

Ndugu wapenzi, tulionja pande zote mbili. Tulikuwa na nguvu ya Leta nyuma yetu, kisha tukaiona mbele yetu. Aliyepita njia hizo mbili hana ruhusa ya kusahau.

Katika madarasa tunayoyaongoza wanakaa watoto wa Wakristu, wa Waislamu, wa watu wa mila, na wa wazazi wasiosali popote. Wote wapokelewe sawa. Mwalimu asiyesadiki lakini anayefundisha kwa haki asisengenywe mlangoni mwa kanisa. Jirani aliyeacha misa atembelewe kwa upole, na akikataa, aendelee kuwa jirani. Na sisi tusione haya kutangaza Habari Njema, maana anayemheshimu mwenzake halazimiki kunyamaza. Mwenye shamba alikataza watumishi wake kung'oa magugu kabla ya mavuno. Kazi yetu ni kupanda.

Mungu aibariki jubilei yetu, awabariki na wale wasiomwita kwa jina.